Kumtafutia shule mtoto wa kuasili aliyefukuzwa moja kwa moja

Mimi na mume wangu tunaishi England, katika mji mmoja wa katikati ya nchi, na mtoto wetu wa kiume tulimwasili hapa hapa kwa amri ya mahakama alipokuwa na umri wa miaka minne. Akiwa Mwaka wa 4, yaani miaka minane kuelekea tisa, shule yake ilimfukuza moja kwa moja. Leo yuko katika shule nyingine, anasoma na ana rafiki, na kwa kuwa wazazi wenzangu wa Kiswahili wanaolea au walioasili watoto hapa wamekuwa wakiniuliza tulifanyaje, nimeona niandike kwa utaratibu. Sitamtaja jina wala kuieleza historia yake zaidi ya inavyolazimu, kwa sababu historia hiyo ni mali yake na siku moja ataamua mwenyewe amsimulie nani. Ninayoyaandika yanahusu England peke yake. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Jambo ninalolitanguliza ni kwamba mzazi katika hali hii husukumwa na kila mtu apate shule yoyote, na aipate haraka, ili mtoto asikae nyumbani. Na msukumo huo ni wa kuogopwa. Mtoto aliyekwisha kupoteza wazazi waliomzaa, kisha walezi wa muda, kisha shule, akipelekwa mahali pasipomfaa na kufukuzwa tena, anathibitishiwa kile anachokiamini tayari, kwamba hakuna watu watakaokaa naye. Sheria ya hapa inampa mzazi wa kuasili nguvu kubwa kuliko wengi wetu tunavyodhani, na mimi naamini nguvu hiyo itumike kuchagua vizuri kabla ya kutumika kuharakisha.

Yaliyotokea naweza kuyaeleza kwa ufupi. Mwalimu wa darasa aliyemzoea alikwenda likizo ya uzazi katikati ya muhula, na tangu hapo mtoto akaanza kuingia chini ya meza na kukaa humo amekumbatia mkoba wake, akikataa kutoka hata wenzake walipokwenda kula. Shule ikawa inatupigia simu tumchukue mapema "akapumzike". Kumrudisha mtoto nyumbani kwa sababu ya tabia bila kuandika rasmi kwamba amesimamishwa ni kinyume cha sheria, hata kama mzazi amekubali, na kila mzazi anapaswa kulijua hilo, kwa sababu siku zile ambazo hazikuandikwa popote ndizo ambazo baadaye zingeonyesha kwamba mtoto alikuwa akiomba msaada kwa muda mrefu. Kisha siku moja, mwalimu wa zamu asiyemjua alijaribu kumtoa chini ya meza kwa mkono. Mtoto akarusha kiti, na mwalimu msaidizi akaumia. Aliumia mtu aliyekuwa kazini kwake, na sitalipunguza uzito jambo hilo.

Kabla ya barua ya kumfukuza haijatoka, tulidokezwa kwamba tungeweza kumwondoa wenyewe kwa hiari, tukamsomesha nyumbani, ili jina lake lisiwe na doa. Maneno hayo yalisemwa kwa upole, na ninaelewa kwa nini mzazi aliyechoka na mwenye aibu huyakubali. Tulikataa, na ningemshauri kila mtu akatae. Mtoto akifukuzwa rasmi, halmashauri inawajibika kumpatia elimu ya kutwa inayomfaa kuanzia siku ya sita ya shule, bodi ya shule inawajibika kukutana na kuupitia uamuzi wa mwalimu mkuu ndani ya siku 15 za shule, na mzazi ana haki ya kuhudhuria na kusema. Ukimwondoa kwa hiari yako, yote hayo unayaacha mlangoni, na wajibu wa kumsomesha unakuangukia wewe.

Hapa sina budi kusema neno kuhusu malezi yetu wenyewe. Sisi tumekuzwa tukijua kwamba mwalimu ni mzazi wa pili, na kwamba mtoto akikosea shuleni, mzazi huenda kwa unyenyekevu, huomba radhi na kuahidi kwamba atamrekebisha. Adabu hiyo ni nzuri na sitaki kuiacha. Lakini katika utaratibu wa hapa, mzazi anayeinamisha kichwa na kutoandika chochote huhesabiwa kuwa ameridhika. Kumwandikia mwalimu mkuu barua ya heshima, ukiomba kumbukumbu zote za mtoto, tarehe za matukio, na maelezo ya hatua ambazo shule ilichukua kumsaidia, si utovu wa adabu. Tulikwenda mbele ya bodi tukiwa na karatasi hizo. Bodi iliukubali uamuzi wa mwalimu mkuu, kama tulivyotarajia, lakini wajumbe waliandika kwenye kumbukumbu zao kwamba mabadiliko ya mwalimu hayakuandaliwa vizuri, na sentensi hiyo moja ilitusaidia baadaye kuliko hotuba yoyote ambayo ningeweza kuitoa.

Baada ya bodi kuna jopo huru la mapitio, ambalo mzazi huliomba ndani ya siku 15 za shule tangu apokee uamuzi wa bodi, na anaweza kudai mtaalamu wa mahitaji maalumu ahudhurie bila malipo. Jopo haliwezi kuiamuru shule imrudishe mtoto. Uwezo wake mkubwa kabisa ni kuubatilisha uamuzi na kuitaka bodi iufikirie upya. Wapo ambao njia hiyo inawafaa. Sisi hatukutaka tena arudi kwenye jengo ambalo alikuwa akilitetemekea, kwa hiyo tuliacha hapo, tukaelekeza nguvu zote kwenye kutafuta shule.

Kuanzia siku ya sita alipelekwa kwenye kituo cha elimu mbadala, ambacho hapa wote hukiita PRU. Nilikwenda na hofu kubwa, kwa kuwa nilikuwa nimesikia mengi juu ya vituo hivyo, na mengine ni ya kweli. Chetu kilikuwa na darasa la watoto wachache na walimu ambao hawakustuka kwa lolote, na hapo ndipo mtu wa kwanza alipotuandikia, kwa lugha ya kitaalamu, kwamba tabia ya mtoto huyu inatokana na woga. Kwa barua hiyo tuliomba halmashauri imfanyie tathmini kwa ajili ya mpango wa elimu, afya na matunzo, yaani EHCP. Kisheria halmashauri ina wiki 6 za kuamua kama itafanya tathmini, na mpango kamili unatakiwa utoke ndani ya wiki 20 tangu siku ya ombi. Wetu ulichelewa kupita hapo. Kama ningesubiri mpango kwanza ndipo nitafute shule, angeweza kupoteza karibu mwaka mzima, hivyo tulifanya yote mawili kwa wakati mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nimegundua halifahamiki hata kwa baadhi ya watumishi wa ofisi za uandikishaji. Mtoto aliyekuwa chini ya uangalizi wa halmashauri, kisha akatoka huko moja kwa moja kwa kuasiliwa, au kwa amri ya mahakama inayompa ndugu au mtu mwingine ulezi maalumu, haipotezi hadhi yake mbele ya shule. Katika Kanuni za Uandikishaji wa Wanafunzi za mwaka 2021, mtoto huyo yuko katika kundi la kwanza kabisa la kupewa nafasi pale waombaji wanapozidi nafasi. Kuna zaidi ya hilo. Aya ya 3.10 ya kanuni hizo inairuhusu shule kumkataa mtoto anayeomba katikati ya mwaka ikiwa ina sababu nzuri ya kuamini kwamba atakuwa na tabia ngumu, na kumpeleka kwenye utaratibu wa pamoja wa halmashauri wa kugawa watoto waliokosa shule. Aya ya 3.13 inasema ruhusa hiyo haiwezi kutumiwa dhidi ya mtoto aliye chini ya uangalizi, au aliyekuwa chini yake kabla ya kuasiliwa, au mwenye EHCP inayoitaja shule hiyo. Ninaziandika namba hizi makusudi, kwa sababu barua yenye namba ya aya husomwa kwa namna tofauti na barua yenye machozi.

Ushahidi wake ni hati ya kuasili pamoja na barua ya halmashauri iliyokuwa ikimlea, inayothibitisha kwamba alitoka kwenye uangalizi wao. Iombeni barua hiyo mapema, kwa maana hati peke yake haisemi mtoto alikuwa wapi kabla. Na kwa wale wenzangu walioasili mtoto Kenya, Tanzania au kwingineko kisha wakaja naye huku, kanuni za 2021 ziliwaingiza pia watoto waliokuwa katika matunzo nje ya England, iwe chini ya serikali, taasisi ya dini au shirika la hisani, kisha wakaasiliwa. Mtoto aliyetoka kwenye kituo cha watoto yatima cha kanisa au cha msikiti anaweza kuhesabiwa humo. Mpwa uliyemwasili kutoka mikononi mwa bibi yake, ambaye hakuwahi kuwa kituoni, hahesabiwi, hata kama amepitia mazito kuliko wote, na hilo linanisikitisha.

Kila halmashauri pia ina mwalimu mkuu maalumu anayesimamia elimu ya watoto walio chini ya uangalizi wake. Hana jengo wala madarasa, na wengi hudhani kazi yake huisha mtoto akishaasiliwa. Tangu mwaka 2018 halmashauri inawajibika kuwapa taarifa na ushauri wazazi na shule za watoto waliokwisha kuasiliwa pia. Tulipompigia simu, hakutafuta shule kwa niaba yetu, kwa kuwa hana mamlaka hayo kwa mtoto wa kuasili, lakini alizijua shule za eneo letu kwa namna ambayo tovuti za shule haziwezi kukuonyesha. Alitutajia tatu.

Ya kwanza ilikuwa na sifa kubwa na matokeo mazuri. Mwalimu mkuu wake alitupokea vizuri, akatueleza kwa fahari mfumo wao wa alama za onyo: mtoto akifikisha tatu hupelekwa chumba cha peke yake mpaka kipindi kiishe. Kwa watoto wengi huenda unafaa. Kwa mtoto ambaye usiku bado huamka kuhakikisha kwamba tupo, adhabu ya kutengwa na watu ingemrudisha pale pale tulipomtoa. Tulishukuru, tukaondoka.

Ya pili ilituandikia kabla hata hatujakutana kwamba isingeweza kukidhi mahitaji yake kutokana na historia ya tabia yake. Nilijibu kwa barua pepe fupi yenye aya ya 3.13, nakala ikaenda kwa halmashauri, na baada ya siku chache jibu likabadilika: nafasi ipo, tujaze fomu. Ndugu na marafiki walifurahi, wakasema tumeshinda. Sisi tulikwenda kuitembelea, tukamsikiliza mwalimu aliyetuzungusha akirudia kwamba watoto wengine wana haki ya kusoma kwa utulivu, ambalo ni neno la kweli, lakini hakuuliza swali hata moja kumhusu mtoto wetu. Hatukuichukua nafasi hiyo. Baadhi ya watu waliona tumefanya kiburi, na ninakubali kwamba si kila familia inaweza kumudu kusubiri. Mume wangu alikuwa akifanya kazi za usiku ili mmoja wetu awepo nyumbani mchana. Lakini sheria inaweza kuilazimisha shule imwandikishe mtoto. Kumpenda haiwezi kumlazimisha mtu, na mtoto wa namna hii hutambua ndani ya saa moja kama ametakiwa.

Katika shule ya tatu tulipokewa na mwalimu anayesimamia wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Alikuwa amekwisha kuisoma barua ya kufukuzwa yote, akaiweka pembeni na kutuuliza nini hutokea dakika kumi kabla mtoto hajakasirika. Hakuna aliyekuwa ametuuliza hivyo. Tukamweleza: akiona sura mpya mbele ya darasa bila kuambiwa mapema, huanza kukwaruza ukingo wa meza kwa kucha, baada ya hapo huomba kwenda chooni mara kwa mara, baada ya hapo huingia chini ya meza, na akifika huko, mtu asimguse, akae sakafuni hatua mbili kutoka kwake na kuzungumza jambo lingine kabisa. Mama yule aliandika yote kwa mkono wake kwenye daftari. Kisha akamchukua mtoto, akamwonyesha mlango wa pembeni ambao angekuwa anauingilia asubuhi bila kupita kwenye msongamano wa lango kubwa, akamtajia jina la mwalimu msaidizi atakayemsubiri hapo kila siku, na jina la yule atakayesimama badala yake akiumwa. Hakumwambia kwamba atapokelewa akiwa na tabia njema. Alimwambia ataanza lini.

Hatukuificha habari ya kufukuzwa, na sioni faida ya kuificha, maana mafaili humfuata mtoto. Tuliiuliza shule itafanya nini na fedha ambazo serikali huipa kwa kila mtoto wa aina yake, zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka. Fedha hizo husimamiwa na shule na hazifungwi kwa mtoto mmoja mmoja, lakini mzazi anaweza kuuliza, na huja tu ikiwa umeiarifu shule kuhusu hadhi ya mtoto kabla ya sensa ya wanafunzi ya Oktoba. Tuliiuliza pia shule nani ni mwalimu aliyeteuliwa kushughulikia watoto walio chini ya uangalizi na walioasiliwa, kwa sababu kila shule ya serikali inatakiwa kuwa naye. Mwalimu mkuu akiuma maneno kwenye swali hilo, umeshapata jibu lako.

Katika kipindi hicho chote, jambo lililoniumiza kuliko barua za ofisini lilikuwa maneno ya watu wetu. Kwenye shughuli moja mama mtu mzima aliniambia mbele ya wengine, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Nilimjibu kwa heshima kwamba miaka minne ya mwanzo alilelewa na wengine, na kwamba ninalea pamoja na miaka hiyo, siwezi kuifuta. Wengine walishauri apelekwe nyumbani, shule ya bweni, akanyooke. Shangazi yangu wa Tanga alinipigia akiwa na nia njema kabisa.

"Mleteni huku, mwanangu. Bweni litamtuliza. Huku watoto wanaamka saa kumi na moja alfajiri, na hakuna anayerusha kiti."

"Shangazi, mtoto huyu alishahamishwa nyumba tatu kabla hajafika kwetu. Nikimpandisha ndege akakae na watu asiowajua, ataelewa kwamba na mimi nimemtoa."

Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Lakini anakula vizuri?"

Nikamwambia anakula, na hasa maharage ya nazi. Tangu siku hiyo hajataja tena bweni, na kila akipiga simu huomba kuzungumza naye. Kwa mtoto aliyezaliwa na kukulia na watu wake, bweni linaweza kuwa shule tu. Kwa mtoto wa kuasili, safari hiyo ni kuachwa mara nyingine, hata ikilipiwa ada kubwa, na ninawasihi ndugu wanaotoa ushauri huo wautazame upande huo.

Alianza kwa saa pungufu. Hilo linakubalika likiwa la muda na wazazi wameafiki, lakini litakiwe kwa maandishi na liwe na tarehe ya mwisho, kwa sababu wapo watoto wanaobaki kwenye nusu siku miezi na miezi bila mtu kuuliza. Wiki za kwanza alifika saa tatu kasorobo, akaingia kwa mlango wake, akaondoka kabla ya chakula cha mchana. Kisha akabaki kula. Kisha kutwa nzima. EHCP yake ilipotoka hatimaye, iliitaja shule hiyo hiyo, na ndani yake tulihakikisha imeandikwa kwamba mabadiliko ya mwalimu aambiwe siku moja kabla, akionyeshwa picha ya anayekuja. Kipengele kikiandikwa "itakapowezekana", hakimlindi mtoto. Sisi tuliirudisha rasimu mpaka maneno hayo yalipotolewa.

Bado zipo siku ngumu. Mwezi wa Novemba alichana daftari la hesabu na kukaa chini ya meza kipindi kizima. Simu ya shule ilikuja jioni, kutueleza jinsi ilivyoanza na jinsi ilivyoisha, na kwamba kesho yake anatarajiwa kama kawaida.

Sasa yuko Mwaka wa 5, na kwa mtoto mwenye EHCP halmashauri inatakiwa iwe imekwisha kuitaja shule ya sekondari ifikapo tarehe 15 Februari ya mwaka anaohamia. Mapitio ya mwaka ya mpango wake ni muhula huu, na tumeomba yawe ndiyo kikao cha kuanza kuizungumzia sekondari. Mbili tumeshazitembelea bila yeye. Moja ina wanafunzi zaidi ya elfu moja na kengele kali inayolia kila kipindi. Nyingine ni ndogo, iko mbali, na ingehitaji usafiri wa halmashauri. Tutamchukua mwenyewe aione hiyo ya pili baada ya likizo, asubuhi, wakati wanafunzi wote wako madarasani.